Mjadala: Kibarua aokote korosho zangu siku ya Sabato?

Wapendwa, bwana asifiwe. Niko Newala, msimu umekolea, na jambo hili linanikosesha usingizi.

Kwetu Wasabato, Ijumaa jua likizama jembe linawekwa chini. Mwaka juzi mwezi wa Novemba nilifanya hivyo. Asubuhi nikavaa shati jeupe, nikaenda Shule ya Sabato, nikakaa hadi ibada kuu. Shambani nilikuwa nimewaacha vibarua watatu. Saa nane mchana nikapita njia ya shamba, nikamkuta mama mmoja kafunga mtoto mgongoni, ameinama chini ya mkorosho anachomoa korosho kwenye mabibo, maji ya bibo yamemganda vidoleni hadi vimekuwa vyeusi. Akainuka akanisalimu: "Shikamoo baba. Kwani leo si siku yenu ya kupumzika?"

Nilijibu "marahaba" tu. La pili sikuwa na jibu.

Mwaka huohuo kijana wa kanisa letu alisimamishwa huduma kwa kupeleka magunia mawili kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika siku ya Jumamosi. Mimi niliyekuwa na watu watatu shambani niliendelea kusoma somo mbele. Ndipo nikairudia amri yenyewe, Kutoka 20. Haisemi wewe peke yako. Inataja mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, hata mgeni aliye ndani ya malango yako. Kutoka 34:21 inakaza zaidi: wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, utapumzika. Yaani msimu umetajwa kabisa, tusijifiche nyuma yake.

Hoja yangu: anayeupumzisha mwili wake akamwinamisha mwingine kwa ajili ya mali yake, huyo Sabato hajaitunza. Karibuni, nisahihisheni kwa Neno.

Mkulima wa Tandahimba:
Mzee wangu, nakuheshimu, ila korosho hazijui Jumamosi. Zinadondoka kila siku. Mvua ikizikuta chini zinaloa, zinabadilika rangi, ukifika ghalani unaambiwa daraja la pili. Halafu hao vibarua wengi ni Waislamu, siku yao ya kusali ni Ijumaa, na wanakula kwa ujira wa siku. Ukimfukuza Jumamosi hapumziki, anakwenda shamba la jirani au watoto wanalala njaa. Sioni utakatifu hapo.

Mwanglikana, Masasi:
Mimi nasali Jumapili, na sitaki tugombanie siku. Paulo alishasema katika Warumi 14 kwamba mmoja huitofautisha siku na siku, mwingine huona zote sawa, kila mtu na athibitike katika akili yake. Wakolosai 2:16 pia iko wazi, mtu asiwahukumu kwa sababu ya Sabato. Kwa hiyo kumsimamisha yule kijana mimi nakupinga nako.

Lakini kwenye suala la kibarua naungana na mzee, na linatugusa sisi vilevile. Mwaka 321 Kaisari Konstantino alipotangaza Jumapili iwe siku ya mapumziko, wakulima wa vijijini aliwaachia waendelee na mashamba. Mwanya huo tunaupenda mpaka leo. Ila soma Kumbukumbu la Torati 5, pale sababu ya Sabato si uumbaji, ni utumwa: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Kanisa la hapa Masasi lilianza mwaka 1876 kwa watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja na Askofu Steere, wakashukia Lindi na kupanda huku kwa miguu. Kanisa lenye mwanzo wa namna hiyo likishindwa kuisoma sura ile, nani ataisoma?

Mama Kwaya, Lindi:
Na nyie mnaonunua kwa kangomba je? Mtu ana shida ya ada, unapatana naye korosho zake kwa kipimo cha bakuli zikiwa bado mtini, bei ya kutupa, Sabato unaimba "Mtakatifu". Mambo ya Walawi 19 imeweka utakatifu na Sabato mistari inayofuatana, na chini yake sura hiyohiyo inakataza kulaza ujira wa kibarua hadi asubuhi. Tuanzie hapo.

Mleta hoja:
Mama umenichoma, na ni kweli. Kangomba ni dhambi ya siku zote saba.

Ndugu wa Tandahimba, la njaa umenishinda, silikatai. Ndiyo maana sikuwafukuza. Tangu mwaka jana nimewapandishia ujira wa siku sita ili Jumamosi isiwe siku ya kukosa unga. Jua la Ijumaa likianza kushuka tunafunga kazi, Jumapili alfajiri tunaanza. Nikifyeka na kufagia chini ya mikorosho mapema, zilizodondoka Jumamosi nazikuta mahali pakavu. Mvua ikinyesha, napoteza kidogo. Mwaka jana nilipoteza magunia mawili daraja la kwanza, na yule kijana wetu nilimwombea kwenye baraza la kanisa arudishiwe huduma. Bado hawajakubali. Nitarudi tena.

Kuhusu dini yao: amri imemtaja mgeni bila kuuliza anasali wapi. Simlazimishi aje kanisani. Nasema tu asifanye kazi yangu.

Mkulima wa Tandahimba:
Sawa mzee. Na mlinzi wa usiku je? Korosho ziko uwanjani zimeanikwa, wezi hawana Sabato. Ijumaa usiku nani analala nazo?

Mleta hoja:
Hilo sikuwa nimelifikiria. Ijumaa hii mlinzi akalale kwake, nitalala nazo mwenyewe.