Salio lipo kwenye akaunti, lakini sijui langu ni lipi. Mnaamuaje mambo ya hela?

Mshonaji

Habari zenu wakuu. Nashona sare na mapazia kwa oda. Kazi zipo, wateja wanarudi, namshukuru Mungu. Lakini kila nikitazama salio, moyo unanidunda. Likiwa kubwa naogopa kuligusa, maana ndani yake mna kianzio cha mtu ambaye hata kitambaa chake sijakinunua. Likiwa dogo naona biashara inakufa, ingawa kuna wateja wakubwa nimeshawakabidhi mzigo na bado hawajalipa.

Mteja akiuliza bei, naitaja huku sauti inashuka, na kabla hajafungua mdomo nishaanza kumpunguzia. Daftari ninalo, naandika kila kinachoingia na kinachotoka. Ila mtu akiniuliza napata faida kiasi gani, sina jibu. Sasa hivi nafikiria mkopo wa mashine ya kudarizi, nimeambiwa riba ni asilimia 10 tu kwa mwaka. Nyie mnaoamua bila kutetemeka, mnafanyaje?

Mtunza vitabu

Dada, daftari lako linakuonyesha hela imepita wapi. Halikuonyeshi hela iliyobaki ni ya nani, na hapo ndipo hofu yako ilipo. Kazi yangu ni kuwaandalia hesabu wafanyabiashara wadogo. Hofu hii naikuta hata kwa wenye mauzo makubwa, na inanisikitisha kwa sababu dawa yake ni ukurasa mmoja tu.

Leo jioni andika juu ya ukurasa hela zote ulizonazo: benki, kwenye simu, na taslimu ya kwenye droo. Kisha anza kutoa za watu. Kianzio cha kazi ambayo hujakabidhi ni deni, kitoe; kama kitambaa chake umeshakinunua, toa kile tu kilichobaki. Toa kodi ya serikali iliyokwisha kulimbikizika kwenye mauzo yako. Toa mishahara ya mwezi huu, pango, na unachodaiwa na muuza vitambaa. Tuseme ulianza na 1,000. Vianzio ni 450, kodi na mishahara 300, pango na muuza vitambaa 150. Iliyo yako ni 100. Hiyo 100 unaweza kuitumia bila kumwogopa mtu, na zile 900 unajua kila moja inamsubiri nani.

Unazodai usizijumlishe humo. Ziandike nyuma ya ukurasa: nani, kiasi gani, alikabidhiwa lini, alipaswa kulipa lini. Mzigo uliokabidhi umeshakuwa mauzo hata kama hujalipwa, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na faida na droo tupu. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: mwezi wa vianzio vingi akaunti inajaa, mtu anadhani amepata, ananunua vitu vya nyumbani, halafu kitambaa cha mteja kinakosa hela.

Utaratibu wa kuandika kila muamala pande mbili, kilichoingia na kilikotoka, mtawa na mwanahisabati wa Italia, Luca Pacioli, aliuchapisha Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara wa kule walikuwa wakiutumia kabla yake. Walitaka kujua hilohilo unalolitaka wewe, kwamba kila hela iliyo mkononi ina asili yake. Huhitaji programu ya gharama kulijua hilo.

Jambo la mwisho, nalo nalisisitiza sana: jilipe mshahara. Kiasi kilekile, tarehe ileile, na uuandike kama matumizi ya biashara. Ukichota kidogo kidogo kila ukihitaji, hutajua kamwe kama kilichobaki ni faida au ni ujira wako ambao hukuuchukua.

Seremala

Mtunza vitabu amemaliza upande wa salio, mimi niseme la bei, maana nimelipitia.

Dada, chukua sare moja. Tuseme kitambaa, nyuzi, vifungo na ujira wa kushona vinafika 60, nawe unauza 100. Inabaki 40. Mteja akikunja uso ukampunguzia asilimia 20, unauza 80 na inabaki 20. Umempunguzia moja ya tano ya bei, lakini umetoa nusu ya kilichokuwa kinabaki. Itabidi ushone sare maradufu ili urudi pale ulipokuwa, na mikono ni ileile. Tena hiyo 40 haijawa faida bado, ndiyo inayolipa pango na umeme.

Wengi pia wanaongeza nusu juu ya gharama wakidhani nusu ya bei ni yao. 60 ukiongeza nusu unapata 90, na 30 ni theluthi tu ya 90.

Mimi sipunguzi bei, napunguza kazi. Mteja akisema bajeti yake haifiki, namwonyesha mbao nyepesi au muundo usio na nakshi. Anachagua mwenyewe, na heshima inabaki pande zote. Karatasi ya gharama ninayo pale pale mezani. Mtu anayejua 60 yake imetoka wapi hataji 100 kwa kunong'ona.

Mshonaji

Asanteni sana. Ukurasa nimeuandika jana usiku. Iliyo yangu ni ndogo kuliko nilivyotarajia, lakini nimelala. Na ule mkopo, mtunza vitabu?

Mtunza vitabu

Uliza kwanza: hiyo asilimia 10 ni ya nini? Kama ni ya mkopo wote wa mwanzo, ukikopa 1,200 kwa miezi 12 riba ni 120, na rejesho ni 110 kila mwezi. Lakini 1,200 hukai nayo mwaka mzima. Kila mwezi unarudisha 100 ya mkopo wenyewe, kwa hiyo wastani wa deni ulilonalo ni 650. Riba ya 120 juu ya 650 ni zaidi ya asilimia 18. Kama riba inahesabiwa kwa salio linalopungua, 10 ni 10 kweli. Uliza pia ada ya kufungua mkopo na bima, kisha uandikiwe jumla yote utakayorudisha.

Halafu ipime mashine yenyewe. Tuseme kudarizi sare moja kunakuachia 5 baada ya nyuzi na ujira. Rejesho la 110 linataka sare 22 kila mwezi, na hapo hujapata kitu. Fungua daftari, tafuta mwezi wako mbaya kuliko yote, si mzuri. Sare za kudarizi zilifika 22? Kama hazikufika, peleka kazi hiyo kwa fundi mwenye mashine, weka chako juu kidogo, na uhesabu oda.

Mshonaji

Nimeuliza. Riba ni ya mkopo wote wa mwanzo, na ada ipo. Miezi mibaya oda za kudarizi hazifiki hata nusu ya 22, basi nitaendelea kupeleka nje na kuziandika. Wateja wanaodaiwa nimewatumia ankara zenye tarehe ya mwisho ya kulipa, na mmoja ameshajibu kwamba analipa Ijumaa.