Wakala mmoja kwa vibarua wote wa ghala?

Swali: Wadau, ghala liko Vingunguti, Dar es Salaam, vibarua 40 kila zamu kupitia mawakala watatu. Tukibaki na mmoja, mkataba ubane wapi?

Fundi Mikataba: Anza na leseni ya wakala kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Kisha ankara ichanganuliwe: ujira, NSSF (hifadhi ya jamii) asilimia 20, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, ada ya wakala. Ankara ya jumla ndiyo huficha michango isiyofika, kwa hiyo dai risiti zenye orodha ya majina kila mwezi kabla ya kulipa.

Mama Mahesabu: Nyongeza ya usiku pia, asilimia 5, saa 2 usiku hadi 12 asubuhi. Ugomvi mwingi ni hapo.

Fundi Mikataba: Kweli. Na daftari la mahudhurio asaini msimamizi wenu, siyo wa wakala. Akipungukiwa watu aazime kwa wakala mwingine, ila ankara ibaki moja.