KERO: Mkalimani wa viziwi anafunikwa na tangazo la rangi, tamthilia zinakatwa ovyo, watoto wanaonyeshwa kubeti. Wiki moja ya TV zetu imenitosha

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei za vifurushi, kero yangu ni nyingine kabisa.

Nina duka la mahitaji ya nyumbani huku Tabata. TV iko ukutani, inawaka tangu nafungua mpaka nafunga, na usiku nyumbani tunaendelea. Haya nisemayo sikuhadithiwa. Majina ya vituo siyataji, maana nikitaja kimoja nitakuwa nimewapa ahueni wengine wanaofanya yaleyale. Mnaotazama mtavijua wenyewe.

Naanza na lililoniuma kuliko yote: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, Jumanne.

Mdogo wangu wa kike ni kiziwi. Alisoma shule ya viziwi Buguruni, lugha ya alama ndiyo lugha yake, na taarifa ya habari ndicho kipindi pekee anachoweza kukaa sebuleni akafuatilia mwenyewe bila kumsumbua mtu. Jumanne ikaja habari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, tahadhari ya mvua kubwa kwa mikoa ya pwani. Mkalimani yuko kwenye kisanduku chake kona ya chini kulia, anataja mikoa mmoja baada ya mwingine. Hapohapo likapanda tangazo la rangi za nyumba kutoka chini, likachukua upana wote wa kioo, likamfunika mkalimani kuanzia kifuani kushuka chini. Kikabaki kichwa na mabega. Mikono haionekani. Mdogo wangu akanigeukia akaniuliza ni mikoa gani. Nikaanza kumweleza, na wakati namweleza, habari inayofuata ikawa imeshampita nusu.

Jamani, mkalimani asiyeonekana mikono anamkalimania nani?

Tangazo liliposhuka, pale chini ukabaki ule mstari wa habari unaotembea, juu yake kichwa cha habari kwa maandishi makubwa, juu yake tena nembo ya mdhamini. Kisanduku kimebanwa mpaka sura ya mkalimani haisomeki. Kwa wasiojua, lugha ya alama haiishii mikononi. Nyusi, macho na mdomo vinabeba sehemu kubwa ya maana. Maneno yaleyale ya mikono yanaweza kuwa taarifa au yakawa swali kutegemea uso umekaaje. Ukimpunguza mkalimani akawa na ukubwa wa stempu umeshamnyang'anya huo uso. Halafu ikiingia ripoti ya mwandishi wa mkoani, kisanduku kinaondolewa kabisa, kinarudi pale mtangazaji anaporudi studio. Yaani kiziwi anapewa utangulizi, habari yenyewe ananyimwa.

Na hili si suala la hisani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inavitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani wa lugha ya alama au maandishi kwenye taarifa za habari. Vituo vimemweka mkalimani ili visionekane vimevunja sheria, halafu vikauza mahali aliposimama.

Jumatano asubuhi nikapiga simu kituoni. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, sina ugomvi naye. Akaniambia suala hilo liko kwa watu wa masoko. Masoko! Kile kisanduku kipo ndani ya taarifa ya habari, lakini anayeamua kionekane au kisionekane ni mtu wa kuuza matangazo. Nikaomba namba ya masoko, nikapewa, inaita tu mpaka leo.

Sasa tamthilia.

Mimi ni mpenzi wa tamthilia za Kituruki, sisemi kwa chuki. Kule kwao sehemu moja hurushwa mara moja kwa wiki na inafika saa mbili na zaidi. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi, na hapo tayari mwendo wa hadithi umeshavurugwa. Sisi tunakikata tena hichohicho kipande ili matangazo yaenee. Jumatano walikatia pale mama mkwe ameshafungua mdomo amtaje baba wa mtoto. Sawa, huo ndio utamu wake, nikasubiri. Alhamisi wakaanza na muhtasari wa yaliyopita, mrefu kama sehemu yenyewe. Matangazo. Wakarudia tukio lote la mezani la jana yake. Matangazo. Mama mkwe akafungua mdomo tena, mlango ukagongwa, wimbo wa mwisho ukaanza na majina yakaanza kupanda. Ijumaa nikakaa mapema kabisa, wateja nikamwachia kijana. Wakarusha kipande cha Jumatatu. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna hata maandishi madogo pembeni kutuambia ni marudio.

Halafu sauti. Mhusika akifungua mdomo kusema Kiswahili, dunia nzima inanyamaza: mvua inakata, gari linazima, muziki unapotea. Akinyamaza, mvua inaanza upya. Hili lina sababu na lina dawa. Tamthilia za kuuzwa nje huja na muziki na milio kwenye njia yake ya sauti, mbali na maneno, ili anayeingiza lugha nyingine aweke sauti mpya juu na kila kingine kibaki palepale. Anayeshusha sauti yote ya asili kila mtu anapoongea, ama hakununua ile njia ya pili, ama ameinunua na hana muda nayo. Sauti za vijana wetu wanaoigiza ni nzuri mno, nawatetea hapa, lakini kijana mmoja anapewa baba, daktari, polisi na muuza samaki. Jumatatu daktari alikuwa anamhoji polisi na ikawa mtu anajiuliza mwenyewe na kujijibu. Mtanijia na hoja ya Lufufu, yule msimuliaji wa sinema za nje kwa Kiswahili, kwamba alikuwa peke yake na sinema nzima. Ni kweli, na heshima yake iko palepale. Lakini aliyeingia kibanda cha sinema alijua anakwenda kumsikiliza Lufufu akisimulia, na ndicho alichokilipia. Hawa wa kwetu wanatuambia ni tamthilia kamili kwa Kiswahili, wanachukua hela ya kifurushi kila mwezi.

Jumamosi asubuhi ndiyo nilipopandwa na hasira za kuandika uzi.

Saa tatu ni muda wa katuni, watoto wa jirani hujaa dukani kwangu, wanakaa kwenye makreti ya soda. Katuni ikakatwa katikati, akaja kijana na fulana ya mpira anaeleza namna ya kuweka mkeka: dau dogo, timu nyingi, hela inaingia kwenye simu papo hapo. Matangazo yakaisha, katuni ikarudi, haikupita muda akarudi yuleyule. Mtoto wa darasa la tatu akaniuliza, "Mama, mkeka unawekwa kwa shilingi ngapi?" Kubeti ni kwa mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wao wenyewe wameandika hivyo chini ya tangazo kwa herufi ambazo mimi mwenye miwani sizioni. Mnajua wazi nani yuko mbele ya TV Jumamosi saa tatu asubuhi, maana ndiyo sababu mmeweka katuni hapo. Mnaitaka hela ya kubeti, itangazeni usiku watoto wakiwa wamelala.

Msiniambie vipindi vya watoto havilipi au hatuwezi kuvitengeneza. Ubongo Kids inatengenezwa hapahapa Dar tangu mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na imevuka mipaka. Watoto wa hapa dukani wanaimba nyimbo zake na kujibu maswali kabla ya wahusika. Tunaweza.

Vipindi vya asubuhi sina mengi. Watu wanne kwenye kochi wanaongea kwa pamoja, mgeni aliyealikwa kuzungumzia shinikizo la damu anakatwa kila akifika kwenye la maana. Filamu ya Jumapili mchana ilikuwa nzuri, nawapongeza waliocheza, ila ratiba ilisema saa nane, ikaanza saa tisa kasoro kwa sababu ya hafla ya uzinduzi iliyokuwa mubashara, hotuba baada ya hotuba. Mpira siugusi, una nyuzi zake.

Wakuu, tulipozimiwa analojia hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012, tukiwa wa kwanza Afrika Mashariki, tuliambiwa tutapata picha safi na chaneli nyingi. Tukanunua ving'amuzi. Picha safi tumepata, chaneli nyingi tumepata. Lakini kila chaneli ina saa 24 za kujaza, na hela ya kutengeneza vipindi haikuongezeka kwa kasi ya chaneli. Ndiyo maana kipande kimoja cha tamthilia kinaonyeshwa usiku, kesho yake asubuhi, mchana, na Jumapili kutwa, na ndiyo maana kila sehemu ya kioo imegeuzwa kibao cha tangazo. Wakati wa kundi la maigizo la Kaole pale ITV, waigizaji akina Ray na Kanumba bado wanachipukia, mchezo ulikuwa mara moja kwa wiki. Saa ikifika ulianza, ukiisha umeisha, na wiki nzima mtaa ulikuwa na la kujadili. Nayataka hayo mambo mawili tu kutoka enzi zile: muda uheshimiwe, na kinachoitwa kipya kiwe kipya.

Ila kwanza lile la viziwi, hilo halina mjadala wa bajeti. Kusogeza tangazo lipite juu ya kioo badala ya chini hakuhitaji mtambo mpya. Kisanduku kiongezwe ukubwa, kikae mpaka ripoti iishe, na kisiwekewe kitu juu yake.

Leo naandika barua kwa kituo husika. Wasipojibu naipeleka Kamati ya Maudhui ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Naomba msaada wenu katika hili: mkiona mkalimani amefunikwa, pigeni picha kioo, andikeni tarehe na saa, wekeni hapa chini. Barua ya mtu mmoja mwenye duka itawekwa droo. Ikiwa na picha za watu wengi kutoka vituo tofauti itakuwa vigumu kuiweka droo.

Na nyie mliomo humu mnaokaa kwenye chumba cha kurushia matangazo, nawajua mpo, jibuni bila kutaja kituo: ule mstari wa tangazo ukipanda juu ya mkalimani, nani hapo ana mamlaka ya kusema ushusheni? Kama yupo, Jumanne saa mbili usiku alikuwa wapi?