Msaada: kufunika bomba la mvuke kwenye boti ndogo

NahodhaMdogo: Wakuu, heshima kwenu. Niko Uingereza, Ziwa Windermere, natengeneza boti ya mvuke ya futi 22. Bomba la shaba la milimita 22 linatoka boila hadi injini, kama mita 2, presha bar 8. Nataka kulifunika upya lipendeze na abiria wasiungue. Nimeshanunua sponji nyeusi ya mabomba ya maji ya moto. Niweke tabaka mbili? Boti inatakiwa majini wiki ijayo, sina raha.

FundiBoila: Sponji rudisha dukani. Mvuke wa bar 8 una nyuzi 175, na sponji ya nyumbani mwisho wake ni kama 100. Itayeyuka inate kwenye shaba. Tumia utepe wa faibaglasi. Pima viungo kwanza kwa presha ya maji, maana ukishafunika huoni panapovuja. Kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia, hadi unene wa milimita 20 hivi, kisha kaza kwa waya mwembamba wa shaba. Juu yake vika vipande vya kitambaa cha amerikani vilivyochovywa kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Kikauke kabisa ndipo upake rangi. Flanji (maungio ya bolti) na vali usizizike, zishonee vifuniko laini vinavyovulika.

MtuWaKigoma: Mvuke bila kuitaja Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika? Imejengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, na miaka ya 1970 ikang'olewa injini za mvuke ikawekewa dizeli. Weka dizeli mkuu, yaishe.

MamaBandari: Mleta uzi, umesema "upya". Zamani bomba lilifunikwa kwa kitu gani? Boti ya mwaka gani?

NahodhaMdogo: Ya 1958. Kulikuwa na kitu cheupe kama chokaa, juu yake turubai. Nusu nimeshakwangua na kufagia. Lakini nilivaa barakoa ya kitambaa na mlango wa banda ulikuwa wazi. Mwenye boti hataki gharama nyingine.

MamaBandari: Acha sasa hivi! Hicho cheupe huenda ni magnesia ya kuzuia joto, na ya zama hizo ilichanganywa na asbesto, madini ya nyuzi yanayoharibu mapafu, na kwa macho huitambui. Kitambaa hakizuii nyuzi zake. Usifagie tena, wala usivute vumbi kwa mashine ya nyumbani. Funga banda, nguo zile usiende nazo kwa watoto, sampuli ipimwe maabara. Ikithibitika, hapo Uingereza kuitoa kwenye mabomba ni kazi ya mkandarasi mwenye leseni. Mapafu ya watu hayapimwi kwa pochi ya mwenye boti.

Kipimajoto: Hii chai. Boti ya 1958 na bomba la milimita 22? Waingereza wakati huo walipima kwa inchi.

NahodhaMdogo: Si chai mkuu. Nimerudia kulipima kwa kalipa upande uliobaki wazi: 22.2.

Kipimajoto: Hiyo ni inchi 7/8. Sawa, naamini. Basi fitingi za milimita 22 usizilazimishe hapo.

NahodhaMdogo: Banda nimefunga. Maabara nawapigia asubuhi, sampuli waje kuchukua wenyewe. Wiki ijayo imeshindikana, nitamwambia mwenye boti.

FundiBoila: Vizuri. Likishasafishwa, kumbuka mita 2 za shaba hurefuka kama milimita 5 zikipata moto, kwa hiyo acha nafasi kwenye kona, la sivyo kitambaa kitapasuka. Karibu na injini paka rangi mara mbili: faibaglasi ikinyonya oili inaweza kushika moto. Koki ya kutolea maji usiifunike.