Mhariri kageuza "Hatima" kuwa "Hitima" kwenye kitabu changu, halafu ananiambia ni neno lilelile!

Wakuu, salamu baadaye, nimevurugwa.

Riwaya yangu imetoka kiwandani wiki iliyopita, nakala 500, kwa hela yangu ya mfukoni. Mwishoni kuna kurasa tatu: kisa kimeshakwisha, miaka kumi imepita, msomaji anaonyeshwa nani kaolewa, nani kafungwa, nyumba ya mzee kainunua nani. Sehemu hiyo niliiita HATIMA, yaani kule mambo yalikoishia. Nafungua boksi, ukurasa wa 212, wino mzito: HITIMA.

Nakala ya kwanza nilimpelekea mama Tanga. Kapiga simu, hata hali hakunijulia: "Mwanangu, hitima ya nani?" Mtu wa Pwani akisoma neno hilo anaona mikeka imetandikwa, juzuu zinagawiwa, ubani unafuka, na pilau iko jikoni. Ni kisomo cha marehemu jamani!

Nikampigia mhariri. Badala ya kuomba radhi akanipa darsa: eti hatima, hitima, hitimu, hitimisho, yote mzizi mmoja wa Kiarabu. Mzizi naujua! Kwani mtoto akihitimu darasa la saba huwa tunamsomea hitima?

Suluhisho lake ndilo limenimaliza: toleo lijalo tuweke HITIMISHO. Hitimisho ni la tasnifu, mle unajumlisha hoja na kutoa mapendekezo. Wahusika wangu hawana mapendekezo, mmoja yuko gerezani. Nikasema basi iwe TAMATI. Akakataa, tamati huandikwa chini ya mstari wa mwisho, si kichwa cha sehemu. Hapo, kusema haki, nilikosa jibu. Hata kwenye miswada ya tenzi za zamani mara nyingi mshairi hujitaja, hutaja idadi ya beti na mwaka, ndipo huja tamati. Sasa jicho kali hivyo lilikuwa wapi kabla ya kuchapa?

Mkataba unasema makosa yaliyopita kwenye prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, ni ya mwandishi. Prufu niliyosaini ilikuwa na HATIMA, picha ninayo kwenye simu. Mliowahi kufika huku, gharama alibeba nani? Na mwenye kujua stika inayokaa juu ya kichwa cha habari bila karatasi kujikunja aniambie, maana uzinduzi ni Jumamosi.