Naomba ushauri: baba anataka kukutana na wenzake wa FAZ

Jambo yenu wote. Baba yangu alikuwa soda wa FAZ, jeshi ya Zaïre, wakati ya Mobutu, walimufundisha base ya Kamina, na 1978 walimutuma Kolwezi wakati basoda ba FNLC, waasi wa Katanga wenye waliitwa Tigre, waliingia kutoka Angola. Sasa mwenzake mumoja wa zamani, iko Likasi, amemupata kwa WhatsApp, basi muzee toka siku ile halali, anatoa tu ile foto yake ya bereti, kona imeliwa na mende, anataja majina, huyu alikufa, huyu iko Zambia, huyu sijui.

Tunataka kuwakusanya kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, bukari na samaki, kitu kidogo tu. Transpoti tutachanga sisi watoto, hiyo hainisumbui.

Shida ni hii: jirani yetu, muzee wa heshima sana, alikuwa Tigre, ni kusema Kolwezi ile ile alikuwa upande ule mwingine, akarudi na AFDL, wale waasi wenye walimuangusha Mobutu 1997. Wanacheza dame na baba kila jioni na ile vita hawaitajaka hata kidogo. Baba anasema naye aitwe, yule wa Likasi anasema akimuona hataingia mu lupango. Mama anasema pombe ikiingia mambo itaharibika, na miye namusadiki mama.

Mungefanya je? Tumuite, ama tufanye siku mbili mbalimbali? Na mwenye kujua namna ya kupata wale wa Kinshasa anisaidie, tafazali.