Tupeane uzoefu: umeweka SSD mpya, kompyuta ikagoma kubuti

Mwanzisha uzi, Kampala

Jamani za jioni. Wiki hii tu watu watatu wameniletea mashine, wameweka SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka), haibuti, yaani Windows haiwaki, na wote walishaamua diski ni feki wanataka kwenda kugombana dukani. Mimi huwa nauliza kwanza, je BIOS inaiona, ile programu ya mashine yenyewe inayoanza kabla ya Windows? Kama inaiona basi mara nyingi diski yako ni nzima, tatizo liko kwingine.

Naanza na yangu maana na mimi nilishagombana bure. Desktopu yangu ilikuwa na hard disk ya zamani ya 500 GB, inakoroma kama jenereta. Nikanunua SSD ya 240 GB nikaichomeka pembeni, ile ya zamani nikaiacha humohumo, nikapiga (nikainstoli) Windows kwenye SSD, ikawaka, inakimbia, nikaenda zangu kula rolex, ile chapati ya mayai. Wiki mbili baadaye nikaitoa ya zamani nimpe mdogo wangu anayesoma Makerere, kuwasha tu, skrini nyeusi, eti hakuna kifaa cha kubuti. Nikarudi dukani na makelele. Yule kijana akaniuliza kitu kimoja tu, "muzee, wakati unapiga Windows ile diski nyingine ulikuwa umeichomoa?" Nikanyamaza. Kumbe Windows ikikuta diski nyingine tayari ina patisheni (kipande cha diski) ya kubutia, mafaili ya kuwashia inayaweka kule kule halafu yenyewe inakaa kwenye SSD. Yaani nilimpa mdogo wangu funguo nikabaki na nyumba. Nikamwomba kijana radhi, nikaipiga upya SSD ikiwa peke yake ndani.

Ya kwenu iligoma kwa nini? Semeni na aina ya mashine.

Mdau, Arua

Yangu ilinila nauli. Laptopu ya mtumba, ina kale kanafasi ka M.2 ka kuchomeka SSD nyembamba, nikamtuma shemeji aninunulie SSD Kampala, akaja nayo na basi la usiku. Ikaingia vizuri, skurubu ikakaza, BIOS haioni kitu. Nimechomoa nimechomeka kama mara kumi, nikapuliza, nikaomba. Baadaye ndo naelewa M.2 ni umbo tu, kuna za SATA na kuna za NVMe, njia mbili tofauti za diski kuongea na mashine, na nafasi yangu inasoma SATA peke yake, niliyoletewa ni NVMe. Msidanganywe na ile mikato ya kwenye meno, mara nyingi mikato miwili ni SATA na mmoja ni NVMe ila sio lazima, someni lebo na muangalie mashine yenu inakubali ipi kabla hujatuma mtu. Nimeitafutia kasha la USB, sasa ndo fleshi ya bei ghali kuliko zote huku West Nile.

Mdau, Mbarara

Mimi fupi. Kebo ya SATA ilikuwa imelegea. Siku tatu za YouTube, banange.

Mdau, Busia

Hizi kazi nafanya hapa mpakani, wateja wa pande zote mbili, na kesi ninazopata sana ni hii, mtu ametengeneza fleshi ya kupigia Windows kwa programu ya Rufus hakuangalia pale pa MBR na GPT (mpangilio wa diski wa zamani na wa kisasa), akapiga Windows kwa njia ya zamani inayoitwa Legacy, halafu kuna mtu akamwambia Windows 11 inataka UEFI, njia mpya ya kuwasha, akaingia BIOS akabadilisha, basi, mashine inatafuta patisheni ya EFI kwenye diski ya MBR haiipati. Juzi mwalimu alikuja hivyo, mitihani ya darasa zima iko ndani, anatetemeka. Nikarudisha Legacy, ikawaka palepale, tukatoa kopi ya mitihani, ndipo nikatumia mbr2gpt ya kugeuza diski ya MBR iwe GPT, hiyo imo ndani ya Windows 10 yenyewe tangu 2017, halafu nikaweka UEFI. Haikuchukua hata muda. Ila kopi kwanza ssebo, umeme wa huku hauombi ruhusa.

Mdau, Jinja

Mimi nilikloni, yaani kunakili kutoka diski ya zamani kwenda SSD, C peke yake. Zile patisheni ndogo niliona ni takataka, eti 100 MB ya nini. Kumbe ndo hiyo ya kuwashia 😂

Mdau, Gulu

Nisaidieni, niko nayo mezani sasa hivi. Laptopu ni ya Intel, mpya mpya, SSD nimeweka leo, BIOS inaiona lakini nikifika pale pa kuchagua diski ya kupiga Windows orodha iko tupu.

Mwanzisha uzi, Kampala

Mdau wa Gulu, ingia BIOS utafute kitu kinaitwa VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski. Ikiwa imewashwa, fleshi yako haina draiva ya kuisoma diski. Ama uweke draiva ya Intel RST kwenye fleshi uipakie pale pale, ama uizime VMD. Lakini kama kuna Windows ya zamani humo unayoitaka usiizime hivi hivi, itakuletea skrini ya bluu.

Mdau, Gulu

Ni tupu, hakuna cha kupoteza. Nazima.

Mdau, Gulu

Imeiona!! Iko asilimia 34. Nimekaa nayo hapa hata chai sijaenda kunywa.

Mdau, Busia

Chomoa ile fleshi ikianza kujirestati, usije ukarudi hapa unasema inaanza upya.

Mdau, Gulu

Imejirestati. Nachomoa.